Tiketi za bahati nasibu za kuchangia ujenzi wa kanisa

Je, ni dhambi kuuza au kununua tiketi za bahati nasibu ili kuchangia ujenzi wa kanisa? Inategemea dhehebu. Kwa Wakatoliki si dhambi kwa asili yake, kwa kuwa Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya kubahatisha haipingani yenyewe na haki, bali haikubaliki pale inapomnyima mtu mahitaji yake ya lazima au ya wale wanaomtegemea. Kanisa la United Methodist linaikataa kamari kwa msimamo mkali, na linazitaka sharika zake zisichangishe fedha kwa bingo wala kwa tiketi za namna hiyo. Mnada wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi baada ya ibada, tuliouzoea Tanzania, haumo katika suala hili, kwani anayetaja bei ya juu anaondoka na kuku wake na hakuna anayepoteza fedha kwa kubahatisha. Hata hivyo, muumini anayetoa nauli ya mtoto wake ya shule ili anunue tiketi kwa kuogopa kuaibishwa mbele ya wenzake tayari amevuka mpaka uliowekwa na namba hiyo ya Katekisimu, na kwa maoni yangu aliyemshinikiza ana lawama kubwa zaidi kuliko yeye.