Kwa wachanganuzi wapya wa data: kabla ya kuandika kwamba mambo mawili yanahusiana

Ninyi mnaoanza kazi ya uchanganuzi wa data katika ofisi za utafiti hapa Nairobi mtaandika mara nyingi kwamba jambo fulani linahusiana na jingine, na msomaji wa ripoti, ambaye huenda ndiye anayepanga bajeti ya kaunti, atasoma kwamba la kwanza ndilo linalosababisha la pili. Kati ya madai hayo mawili kuna kazi kubwa, nayo ni yenu.

Kipimo cha uhusiano kinachotumiwa zaidi, kile cha herufi r, kilitokana na utafiti ambao Francis Galton aliutoa mwaka 1888, kisha Karl Pearson akakikamilisha kihesabu katika miaka ya 1890. Huwa kati ya -1 na +1, sifuri ikimaanisha kwamba hakuna uhusiano wa mstari, na hupima tu jinsi nukta za data zinavyokaribia mstari ulionyooka, kwa hiyo uhusiano uliopinda unaweza kutoa sifuri ilhali upo waziwazi. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11, ambazo zote hutoa r ya karibu 0.82, lakini zikichorwa, moja tu ndiyo inayofanana na tunachotarajia, nyingine imepinda, na katika mbili zilizobaki nukta moja pekee ndiyo inayopotosha picha nzima. Choreni nukta kwanza, hata msimamizi akiwaharakisha.

Kosa ninalokutana nalo zaidi katika rasimu ni kusahau jambo la tatu, linaloweza kusababisha yote mawili. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, miavuli hununuliwa kwa wingi na msongamano wa magari huzidi, lakini hakuna anayelaumu miavuli, kwa kuwa mvua tunaiona sote. Ugumu huja pale ambapo mvua yenyewe haionekani. Tukikuta kwamba watoto wa nyumba zenye vitabu vingi hupata alama bora, ni rahisi mno kupendekeza vitabu vigawiwe, bila kuuliza kuhusu kipato na elimu ya wazazi, ambavyo huweza kuongeza vitabu na alama kwa pamoja.

Takwimu zinazofuatana mwaka baada ya mwaka zinahitaji tahadhari zaidi, kama mwanatakwimu Udny Yule alivyoonya tangu 1926. Wakazi wa Nairobi walikuwa takriban milioni 3.1 katika sensa ya 2009 na takriban milioni 4.4 katika ile ya 2019, kwa hiyo vitu vingi vinavyohesabiwa jijini, kuanzia laini za simu hadi tani za taka, vinaweza kuonekana vikiandamana kwa sababu tu watu wameongezeka. Linganisheni viwango kwa kila mkazi, au mabadiliko ya mwaka mmoja hadi mwingine, badala ya jumla.

Vilevile, uhusiano uliopatikana kwa kulinganisha kaunti 47 hausemi lolote la hakika kuhusu mtu mmoja mmoja. W. S. Robinson alionyesha mwaka 1950, kwa data za sensa ya Marekani, kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wachache wasiojua kusoma, ilhali wahamiaji wenyewe ndio waliokuwa na tatizo hilo zaidi kuliko wazawa.

Sisemi kwamba sababu haiwezi kuthibitishwa. Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha mwaka 1950 uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu, kisha kuanzia 1951 wakawafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka mingi, wakipima kama wavutaji wa sigara nyingi walikufa zaidi na kama hatari ilipungua kwa walioacha. Utafiti wa dodoso moja hauwezi kubeba uzito huo. Andikeni, basi, kwamba katika kaya mlizozihoji mambo haya mawili yaliandamana na kwamba kipato hakikupimwa, na sentensi hiyo muiweke katika muhtasari wa ukurasa wa kwanza, kwa kuwa wafanya maamuzi wengi hawafiki kwenye viambatisho.