Usilipie injini isiyokuwa na giaboksi yake

Usitume hata shilingi moja, ndugu yangu. Umeuliza kama Land Rover 109 yako ya mwaka 1978 uifunge injini ya dizeli ya Toyota, 1HZ au 1KZ-TE, ukauliza pia habari za kadi ya gari na ulaji wa mafuta, kisha katikati ya maelezo ukataja kwamba muuzaji amekupunguzia bei ya 1KZ-TE kwa kuwa ni injini tupu, haina giaboksi wala nyaya. Hapo ndipo moyo uliponilipuka, maana injini tupu ndiyo niliyoinunua mimi.

Aliyeniuzia aliniapia kwamba fundi yeyote wa Tanga angeiwasha kwa nyaya mbili za betri. Alinidanganya, na alijua kwamba ananidanganya. Ile herufi E mwishoni mwa jina inamaanisha kuwa pampu ya dizeli inaongozwa kwa umeme: kompyuta ndiyo inayoamua mafuta yaingie kiasi gani na wakati gani, nayo haiwezi kuamua chochote bila sensa na nyaya zake. Injini yangu ililala chini ya turubai kwangu Mabawa, hapa Tanga, kwa miezi mitano. Kompyuta ya kwanza niliyoletewa ilikuwa imetoka kwenye gari la giaboksi ya otomatiki, na plagi zake hazikuingiliana na nyaya nilizokuwa nimeokoteza kwingine; ya pili ilikuwa imeingia maji. Kila mara nililipa kwanza ndipo nikaona.

Ilipowaka hatimaye, nikaingia kwenye shimo refu zaidi. Kwa kuwa sikuwa na giaboksi yake, fundi wa kuchonga vyuma alinitengenezea sahani ya kuunganisha injini ile na giaboksi ya zamani ya Land Rover, akatafuta kitovu chake kwa rula ya kawaida, ya kuchorea mistari daftarini. Nilipomwuliza kama hicho ni kipimo cha kutosha, alinijibu kwamba yeye ana uzoefu wa miaka mingi. Baada ya wiki chache klachi ilianza kutetemeka, kisha giaboksi ikawa inalia kila nikiachia mguu. Tulipoishusha, nilipitisha kidole kwenye meno ya shafti inayoingia kwenye klachi, kikatoka na unga wa chuma unaong'aa kama magamba ya dagaa. Beringi ndogo ya nyuma ya kranki ilikuwa imesagika kabisa. Sahani ilikuwa imepotoka kwa chini ya milimita moja, na kosa dogo kiasi hicho lilinila klachi mbili, shafti, beringi na fedha ambazo zingetosha kununua seti kamili tangu siku ya kwanza.

Rejeta nayo nilibakiza ile ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini ya dizeli ya sentimita za ujazo 2,286 isiyo na tabo, yaani kipulizia hewa cha kuiongezea injini nguvu. Tanga mjini haikunisumbua. Nilipoipandisha Lushoto, tulikuwa tumeiacha Mombo lakini hatujafika Soni mshale wa joto ulipopanda, na silinda hedi ya 1KZ, yaani kile kifuniko cha juu ya silinda, ni ya aluminiamu, haivumilii kuchemka. Ilipasuka.

Usikimbilie 1HZ ukidhani umepona. Ni kweli pampu yake haihitaji kompyuta, lakini ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, ni ndefu, na nafasi ya mbele ya 109 ni finyu. Land Rover wenyewe, walipoitia 109 injini ya V8, yaani ya silinda nane, mwaka 1979, walilazimika kuisogeza rejeta na grili mbele. Hiyo nayo ukiinunua tupu, utachongewa sahani ileile kwa rula ileile.

Kwa hiyo mwambie muuzaji akuonyeshe injini ikiwa na giaboksi yake, nyaya, kompyuta ikiwa ni injini inayoitumia, na rejeta, vyote vimetoka kwenye gari moja, kisha aiwashe mbele yako hapo sakafuni na uiache ingurume hadi ipate moto. Akikataa, ondoka. Ile sahani yangu bado ninayo. Njoo Mabawa Jumamosi uishike mkononi kabla hujamjibu.