Ubuyu wa siku hizi umekuwa pipi, uchachu wetu kaupeleka nani?

Mtoa mada kauliza kitu gani cha utotoni ukikionja leo unakasirika. Kwangu mimi ni ubuyu, tena nasema ubuyu wa hapa hapa Dodoma, mkoa ambao ukitoka tu mjini ukaishika barabara ya Mtera mibuyu imejaa kushoto kulia. Halafu sisi ndo tuuziwe ubuyu wa ovyo? Hapana wakuu, hili linaniuma.

Miaka ya tisini tunasoma msingi pale Kikuyu, nje ya geti alikuwa anakaa bibi na beseni lake kalifunika kitambaa, ukimpa shilingi 10 anakukunjia kwenye karatasi ya daftari, saa nyingine unakuta na vema za hesabu za mtu humo humo. Ubuyu ule ulikuwa mchachu jamani! Unatia mdomoni punje moja tu jicho linajifumba lenyewe, taya zinavuta huku nyuma karibu na masikio, halafu ndo inakuja chumvi, pilipili kwa mbali, iliki, sukari mwisho kabisa. Punje unaimumunya mapumziko yote na bado inadai, kengele ikigonga unaificha shavuni, mwalimu akiwa na wasiwasi na wewe anasema toa ulimi, ulimi mwekundu, umekwisha. Na unga ukiisha mbegu haitupwi, unaipasua kwa meno unakula kiini chake.

Sasa njoo huku kwetu leo. Ubuyu uko kwenye kikopo cha plastiki kina stika inang'aa, kuna wa chokoleti, kuna wa stroberi, wa stroberi wakuu! Juzi nimenunua kikopo elfu tatu, vidole vikashika rangi mpaka kesho yake nikiwa ofisini, lakini mdomoni hamna kitu. Ganda la sukari likishayeyuka unakutana na mbegu tupu nyeusi, inateleza kama kokoto ya mtoni. Ule unga mweupe na zile nyuzi nyuzi za kung'ang'ania kwenye meno viko wapi?

Mimi nnavyoona unga umepata soko kubwa kuliko watoto wa shule. Umoja wa Ulaya waliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kwao kama chakula mwaka 2008, na hapa nchini nao siku hizi unapakiwa vizuri, watu wanakorogea juisi na uji kwa ajili ya vitamini C, mbegu nazo zinakamuliwa mafuta ya ngozi. Mama anayepata ada ya watoto kwenye biashara hiyo apate na azidishiwe. Ila mbegu iliyokwanguliwa ikapakwa sukari na rangi wasituuzie kwa jina la ubuyu, huo ni uonevu.

Nikamuuliza dada mmoja muuzaji, "Dada, mchachu huna?" Akanijibu, "Kaka yangu, huo watoto wa sasa hawautaki, wanasema unauma." Unauma! Si ndo kazi yake?

Nyumbani sasa natengeneza mwenyewe. Sukari kidogo na maji, unachemsha mpaka ianze kunata, unatia chumvi, pilipili, iliki na rangi kiduchu, unamwaga ubuyu wenye unga wake wote unageuza haraka haraka kwa mwiko, na hapo moto uwe mdogo maana ukizidi unapata uchungu. Wanangu mara ya kwanza walikunja sura wakatema, sasa hivi nauficha juu ya kabati.

Shida yangu ni malighafi, mjini naletewa ambao umeshakwanguliwa. Aliyeko Kongwa, Mpwapwa au Chamwino anayejua wanapouza ubuyu ukiwa bado ndani ya gamba lake, ataje kijiji na bei ya gunia, Jumamosi nakuja na gari.