Fundi Ajibu: Nyumba ya bibi tuibomoe?

SWALI: Assalamu alaykum, mzee. Sisi ni ndugu watatu, bibi yetu ametuachia nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, Lamu. Kuta zinamwaga unga mweupe, plasta inabanduka, na boriti mbili karibu na choo cha juu zimeinama. Kaka yangu mkubwa anataka tuivunje, tujenge ya matofali ya simiti na dari ya zege, kama zinazojengwa kule Wiyoni. Mimi roho inakataa lakini sina hoja. Nyumba ipi bora?
Msomaji, Lamu

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Unga huo mweupe ndio hoja yako.

Ni chumvi. Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunyonya maji ya ardhini na unyevu wa bahari. Wazee walilijengea kwa chokaa na kulipaka chokaa, nayo hupitisha hewa, basi unyevu ulioingia ulipata njia ya kutokea. Kwa jinsi unavyoieleza plasta yenu, nadhani kuna aliyekuja baadaye akapiga simiti. Simiti ngumu haipitishi. Maji hukaa nyuma yake, yakikauka huacha chumvi, chumvi ikiganda husukuma, na plasta ikianguka huondoka na ngozi ya jiwe.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya kwa mikono yangu. Nilipokuwa kijana, mwenye nyumba mmoja wa Langoni alinipa ukuta wa daka, ule ukumbi wa mlangoni. Nikampigia simiti, ikalala laini kama sahani, akafurahi na kuniongeza malipo. Baada ya masika ya tatu nilipita pale nikaugonga kwa kidole: ulilia mtupu. Nikaurudia bila malipo, nikabandua yote, nikakuta jiwe limelainika, unalichimba kwa ukucha. Tangu siku ile sipigi simiti juu ya jiwe la kale, hata niombwe vipi.

Kaka yako naye usimpuuze. Akisema vyumba vya bibi ni vyembamba, amesema kweli. Boriti ya mkoko haibebi dari ya mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama mashua. Zege lenye nondo lingempa sebule pana. Lakini mwulize, amewahi kulala chini ya dari hilo mwezi wa pili? Mimi nimelala. Saa nne ya usiku bado lilikuwa linanishushia joto la mchana, na feni ikizungusha joto lilelile. Kwa bibi yenu ukuta ni karibu nusu mita, jua linachoka kabla halijafika ndani, na kiwanda cha katikati, yaani ua wa ndani, kinavuta upepo hata siku ambayo nje hakuna.

Halafu kuna nondo. Hapa kwetu chumvi iko hewani, na mara nyingi iko kwenye mchanga na maji ya kuchanganyia pia. Nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege. Nimeitwa kwenye dari ambazo aliyezijenga bado ni kijana, na nondo zimeshachungulia nje.

Basi ukiniuliza nyumba ipi bora, kwa hapo Mkomani nasema ya bibi, bila kusita. Tena hata mkitaka kuivunja si juu yenu peke yenu. Mji wa Kale wa Lamu, ambamo Mkomani imo, uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Nendeni kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa hapo Lamu, kabla fundi hajashika nyundo.

Kazi yenyewe ianzie chooni, isianzie kwenye plasta. Ncha za boriti zimo ndani ya ukuta, na bomba linalovuja huziozesha mahali msipopaona. Egemezeni dari kwa nguzo leo, msingoje, wala watoto wasilale chini yake. Bomba likishatengenezwa ndipo mbadilishe boriti mbili hizo. Hapo chooni simiti mwiteni, sakafu ya kuogea ni kazi yake.

Kisha mbandue plasta taratibu, mpige chumvi brashi kavu (msiioshe, maji yatairudisha ndani), na muache ukuta uchi kaskazi nzima ukauke. Chokaa iwe imelowekwa mapema, miezi ikiwezekana, ipakwe tabaka nyembamba nyembamba. Tundikeni magunia mabichi mbele yake jua lisiikaushe haraka, maana chokaa hukaza polepole kwa hewa. Na vile vidaka vya ndani, vishubaka vilivyomo ukutani, kama nakshi zake bado zipo, asiviguse mtu asiyewahi kuchonga. Ukipotea ukingo mmoja hapo, hatujui tena mkono uliouchonga ulikuwa unaelekea wapi.

Kaka yako mpe kazi moja. Mvua ya kwanza ikinyesha, apande juu na tochi, aone maji yanaingilia wapi, atie alama hapo kwa mkaa. Fundi akija, amwonyeshe alama hizo kwanza.