Bima ya ulemavu haikukati kodi mpaka uiombe

Wiki hii dada mmoja anayeishi hapa Marekani kaniandikia. Ameanza kulipwa bima ya ulemavu wa muda mrefu ya kazini kwake, asilimia 60 ya mshahara, na anashangaa kwamba pesa inaingia karibu nzima. Anauliza kama kuna ubaya wowote. Dada yangu, furaha hiyo naijua. Mimi iliniishia mwezi wa nne, nilipojaza ritani ya kodi.

Mgongo uliponilaza kitandani, niliiandikia ofisi ya rasilimali watu ya mwajiri wangu kuuliza kama malipo haya yanatozwa kodi. Nilijibiwa kwa mstari mmoja: pesa za ulemavu hazina kodi. Nadhani walichanganya na fidia ya kuumia kazini, ambayo kweli haitozwi kodi ya mapato. Yangu ilikuwa bima ya kundi iliyolipiwa na mwajiri mwenyewe. Tulilelewa tukiambiwa kuuliza si ujinga. Hatukuambiwa kwamba anayejibu anaweza kuwa ndiye mjinga. Barua pepe ile bado ninayo, na nikiisoma hata leo nakasirika upya.

Swali la kuuliza ni nani aliyelipia bima, na kwa pesa ipi. Akilipa mwajiri, malipo unayopata ni mapato yenye kodi. Ukilipa wewe kwa pesa iliyokwisha kukatwa kodi, unachopata ni chako chote. Mkichangia, kodi inaangukia sehemu ya mwajiri. Mtego uko hapa: ukiwa ulilipa wewe, lakini makato yakatolewa kwenye mshahara kabla ya kodi, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inahesabu kwamba amelipa mwajiri. Wengi wanaoapa kwamba "bima nalipa mwenyewe" wako kundi hili bila kujua. Wewe unayesoma ukiwa mzima, fungua hati yako ya mshahara leo uone mstari wa bima ya ulemavu uko juu ya kodi au chini yake.

Kilichonivuruga zaidi ni kwamba makato yalikuwepo. Miezi ya mwanzo niliona kitu kinakatwa, nikajua basi kodi inakwenda. Kumbe yalikuwa ya Social Security, mfuko wa serikali wa pensheni na ulemavu, asilimia 6.2, na Medicare, bima ya afya ya serikali, asilimia 1.45. Hayo hukatwa kwa miezi sita ya kalenda baada ya mwezi wa mwisho uliofanya kazi, kisha yanakoma. Kodi ya mapato ni jambo jingine kabisa. Kampuni ya bima inapolipa kwa niaba yake yenyewe, si kama wakala wa mwajiri, haina wajibu wa kuikata mpaka wewe uombe. Hakuna aliyeniambia, na kwenye bahasha nene waliyonitumia sikuiona fomu ya kuombea.

Deni lilikuwa kubwa, na juu yake faini ya kutolipa kodi mapema. Jamaa zangu wote walisema lipa tu, usigombane na serikali. Nilikataa. Kwenye maelezo ya Fomu 2210, fomu ya IRS ya faini hiyo, imeandikwa wazi kwamba aliyepata ulemavu mwaka huo au mwaka uliotangulia anaweza kuomba asamehewe faini, akiwa na sababu ya msingi na hakupuuza makusudi. Niliambatanisha barua ya daktari, na ile barua pepe ya mstari mmoja pia. Faini ikafutwa. Sina wakili, sina shahada ya uhasibu. Nilisoma nikiwa nimelala chali. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia mambo haya ni ya wataalamu. Uvivu wa kusoma karatasi unatumaliza sisi wahamiaji kuliko kodi yenyewe.

Kwa hiyo, dada, omba Fomu W-4S, ndiyo ile ya kuombea kukatwa kodi ya mapato, uijaze, uipeleke kwa kampuni ya bima, usiipeleke IRS. Unaandika dola kamili unazotaka zikatwe kwa kila malipo, na kwa malipo ya mwezi kima cha chini ni dola 88. Usikimbilie hicho cha chini: piga hesabu ya kodi ya mwaka mzima, gawa kwa miezi iliyobaki. Kodi ya jimbo iulizie peke yake, maana fomu hiyo haiihusu. Kama hutaki kukatwa, lipa mwenyewe kwa 1040-ES, fomu ya kulipia kodi ya makadirio, mara nne kwa mwaka, lakini mgonjwa anayekumbuka tarehe 15 Juni sijakutana naye.

Jiandae na jingine. Kampuni ya bima itakusukuma uombe SSDI, malipo ya ulemavu ya Social Security, na ukikubaliwa itapunguza malipo yake kwa kiasi hicho. Malimbikizo ya SSDI yakiingia, itataka irudishiwe ilizokuzidishia. Tunza kila barua inayoonyesha ulirudisha kiasi gani na lini: ukirudisha zaidi ya dola 3,000 ulizokwisha kulipia kodi mwaka uliopita, unaweza kudai nafuu kwenye ritani. SSDI nayo haikati kodi mpaka uombe. Fomu ya huko ni W-4V, na huandiki dola. Unachagua asilimia 7, 10, 12 au 22.