Jibu kwa aliyeuliza kuhusu mama aliyenyamaza baada ya dripu

Mdogo wangu, pole na kuuguza. Umesema mama amemaliza dripu za saratani ya titi, anakula, anatembea, ila haongei. Mnasihi amependekeza vipindi vya tiba ya kuchora na kuchezesha mwili, na kaka yako amegoma, anasema mtu mzima hapelekwi chekechea. Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Mimi nilitolewa titi la kushoto mwaka 2018 pamoja na tezi za kwapani. Nikapata dripu za dawa za saratani, pamoja na ile ya rangi nyekundu, kisha mionzi. Matibabu yalikwenda vizuri. Nilichobaki nacho ni mkono usiofika kwenye kamba ya nguo, na kimya kama cha mama yako. Watu wakiniambia nishukuru nimepona, naitikia alhamdulillahi huku moyo haumo.

Mnasihi wangu hakuanza na maswali. Alitandika mkeka, nikalala, akaniambia nisikilize pumzi inaishia wapi. Kisha akanipa manila na kalamu za rangi nichore mwili wangu ninavyouhisi siku ile. Nikachora kichwa, miguu, mkono wa kulia. Upande wa kushoto nikauacha mweupe. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu, "Mkono huu ukiachiwa, unataka kufanya nini?" Nikasimama, nikauegemeza ukutani, nikaanza kusukuma. Nilisukuma mpaka jasho likanitoka, na sauti ikanitoka ambayo sikujua ninayo. Hasira! Majibu ya kipimo nilipewa nimesimama koridoni, watu wanapita na mafaili yao, na aliyenipa hakuniangalia usoni. Miezi 10 sikumwambia mtu nilivyopewa majibu yale, hata mume wangu. Siku ile nilirudi nyumbani nikamsimulia, tukalia wote.

Ndiyo maana nasema kaka yako anakosea. Mama haendi kuchangamshwa. Mimi walinichangamsha wengi, na kila aliyenichangamsha alinifanya nizidi kuficha. Vipindi hivi vinamchukua mgonjwa mzima, mwili wake, hisia zake na picha anazozibeba kichwani, na vinampa ruhusa ya kutoa lile baya kwanza.

Baadaye nilisoma habari za Anna Halprin, mcheza dansi wa California. Aliugua saratani ya utumbo mpana mwaka 1972, akafanyiwa upasuaji, na ugonjwa ukarudi mwaka 1975. Akajichora mzima, mwenye nguvu, akataka kuucheza mchoro ule kwa dansi. Akashindwa. Ikabidi ageuze karatasi ajichore upande wa giza, aucheze huo mbele ya familia na rafiki zake, kwa kelele na machozi, ndipo ule mzuri ukachezeka. Mwaka 1978 yeye na binti yake Daria wakaanzisha chuo cha kufundisha njia hii, Tamalpa. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100. Sisemi dansi ndiyo iliyomponya, na mtu akikwambia mama aache kliniki eti atacheza, mkimbie. Nilichokishika mimi ni ile karatasi iliyogeuzwa.

Bibi yangu wa Tanga asingeshangaa hata kidogo. Enzi zao mgonjwa alichezewa ngoma, ndugu wamekaa wamemzunguka. Mambo ya pepo mimi sikuyarithi, lakini kule kuumwa huku unaonwa, sisi tulikuwa nako, tukakuacha.

Sasa ya nyumbani. Kwanza muulizeni daktari wake mkono uende mpaka wapi, na kama mifupa iko salama. Mkono ukivimba, mnasimama na kurudi kliniki. Anza na dakika chache, asubuhi, amekaa kwenye kiti. Mpe ncha moja ya khanga, wewe shika nyingine, yeye aongoze: akivuta unafuata, akilegeza unalegeza. Usihesabu kama mwalimu wa mchakamchaka. Akichora, usimwambie achore maua, na usimuulize "hii nini?" Akijaza karatasi nzima rangi nyeusi, iache iwe nyeusi. Usipige picha ukatuma kwenye grupu la ukoo, nakuomba sana. Akikataa, kaa naye tu, kesho jaribu tena. Lakini ukimsikia anasema haoni sababu ya kuishi, usisubiri kipindi kijacho, mpigie mnasihi siku hiyohiyo.

Na kaka usibishane naye. Mpe kazi ya kumpeleka mama na kumsubiri nje. Mume wangu alianza hivyohivyo, kwenye benchi, na simu yake mkononi. Kipindi cha 6 niliomba aitwe ndani aje kushika ncha ya pili ya khanga.