Modi, noti za rupia 500 na mzee wa Tanga

Mhariri, katika toleo la wiki iliyopita mliwauliza wasomaji kama Narendra Modi, Waziri Mkuu wa India, atakumbukwa kuwa mjenzi wa nchi hiyo au mgawaji wake. Nilikuwa barazani na baba yangu niliposoma swali hilo kwa sauti, na kabla sijafika mwisho yeye alikwisha kusema "mgawaji" na kurudia kahawa yake. Nami nilikusudia kujibu vivyo hivyo. Lakini swali lililonikaa moyoni tangu Novemba 2016, Modi alipofuta noti za rupia 500 na 1,000, ni jingine kidogo: kwa nini watu aliowasumbua mno walitoka katika usumbufu huo wakaenda kumpigia kura?

Wasifu wake wengi wanaujua. Alizaliwa Vadnagar, katika jimbo la Gujarat, mwaka 1950, na baba yake aliuza chai kituo cha reli. Alilelewa kisiasa na RSS, jumuiya iliyoasisiwa Nagpur mwaka 1925, ambayo kwayo India ni nchi ya Wahindu kwanza. Kiswahili chetu humwita Mhindi kila mtu wa asili ya kule, awe Khoja, Bohora au Baniani. Kutoka Mhindi hadi Mhindu ni herufi moja tu, na siasa yote ya Modi imo katika herufi hiyo. Oktoba 2001 alipewa uwaziri kiongozi wa Gujarat bila kuwahi kuchaguliwa popote. Februari 2002 Wahindu 59 waliteketea ndani ya treni huko Godhra, mji wa jimbo hilo hilo, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,000, wengi wao Waislamu. Marekani ilimnyima viza mwaka 2005 kwa ajili hiyo, ingawa wapelelezi walioteuliwa na Mahakama ya Juu ya India hawakuona ushahidi wa kumshtaki, na mahakama hiyo ikaliunga mkono hitimisho lao mwaka 2022. Mwaka 2014 chama chake cha BJP kilipata viti 282 kati ya 543, akawa Waziri Mkuu.

Sasa nije kwenye foleni ya Novemba 2016. Nilimpeleka baba Ahmedabad, mji mkubwa wa Gujarat, kubadilishwa vali ya moyo, kama wagonjwa wengi wa kwetu wanavyopelekwa India. Jumatatu tarehe 7 Novemba nilibadilisha dola nikapata rupia 42,000, karibu zote kwa noti za 1,000 na za 500, ili nilipie dawa na chumba chetu cha kupanga. Jumanne saa mbili usiku Modi alitokea kwenye televisheni. Mwenye nyumba alikuwa ameshika kijiko cha mchuzi, akabaki amekishika hivyo hivyo hewani, nami sikuelewa neno hata moja la Kihindi mpaka mwanawe aliponieleza kwamba ikifika saa sita usiku noti za 500 na za 1,000 hazitakuwa fedha halali tena. Noti hizo zilikuwa asilimia 86 ya thamani ya fedha zote zilizokuwa mikononi mwa watu.

Jumatano benki zote zilifungwa. Duka la dawa la hospitali lilikataa noti zangu, kwa kuwa ruhusa ya kuzipokea kwa siku chache ilikuwa ya hospitali za serikali, na yetu ilikuwa ya binafsi. Alhamisi nilifika benki kabla jua halijachomoza, nikakuta foleni imekwisha kuzunguka jengo na kuingia kichochoro cha nyuma. Walikuwamo wanawake waliobeba watoto, vibarua waliokosa kazi ya siku hiyo ili wapate fedha ya kazi ya juzi, na wazee waliowekewa matofali ya kukalia. Kila mtu aliruhusiwa kubadilisha rupia 4,000 tu, kwa kitambulisho. Mashine za kutolea fedha hazikusaidia, maana noti mpya zilikuwa na ukubwa tofauti na zilihitaji kurekebishwa moja moja nchi nzima.

Saa nne asubuhi nilinung'unika, nikidhani najisemea peke yangu, kwamba foleni hii haiishi. Mzee aliyekuwa mbele yangu aligeuka.

"Haiishi leo wala kesho," akasema, kwa Kiswahili kisicho na doa. "Umetoka Mombasa au Tanga?"

Nilimwamkia shikamoo kabla sijajua nafanya nini, naye akaitikia marahaba kana kwamba tuko Ngamiani. Alizaliwa Tanga. Aliniuliza kama hospitali ya Bombo bado ipo, kama watu bado wanaogelea Raskazone, na kama embe za Muheza bado ni zile zile. Familia yake ilikuwa na jengo la ghorofa mjini, ambalo lilichukuliwa mwaka 1971 chini ya sheria ile ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Habari yenyewe, alisema, waliipata kutoka redioni.

Nikamuuliza, kwa heshima lakini kwa hasira ya mtu ambaye mgonjwa wake anamngoja, mtu aliyeondokewa na mali yake kwa tangazo moja anawezaje kumwunga mkono kiongozi anayefanya yaleyale. Maana alikuwa amekwisha kuniambia kwamba alimpigia Modi kura na atampigia tena.

"Kijana, wakati ule tulichukuliwa sisi," alisema. "Safari hii anachukuliwa mkubwa. Mimi nina noti sita. Kuna mtu usiku wa juzi alikuwa na magunia."

Tulisimama pamoja mpaka alasiri. Nilipofika dirishani nilipata zile 4,000, na zaidi ya rupia 37,000 zikabaki mkononi kama karatasi za kufungia karanga, kwa kuwa mgeni asiye na akaunti hakuwa na pa kuziweka. Mzee yule aliziweka katika akaunti yake, akaja nami hospitalini, akalipa kiasi hicho hicho kwa hundi. Sikumfahamu saa kumi kabla ya hapo, wala hakunidai risiti.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini Ijumaa nilitaka kwenda kuswali Juhapura, mtaa wa Waislamu ambao ulifurika watu baada ya 2002, na dereva wa bajaji alisimamisha chombo mwanzo wa mtaa akaniambia nishuke. Jioni nilimsimulia mzee. Akatazama chini, akasema, "Hayo ya 2002 yaache." Sijui aliona aibu au alichoka kuulizwa; kwa miaka mingi nilijiaminisha kuwa ni aibu, na leo ninapoandika sina hakika hiyo.

Wenye magunia ya noti zilizofichwa, ambao tangazo lilikusudia kuwanasa, hawakupata hasara waliyotarajiwa kuipata. Benki Kuu ya India ilitangaza mwaka 2018 kwamba asilimia 99.3 ya noti zilizofutwa zilirudi benki. Kenya ilipoondoa noti yake ya zamani ya shilingi 1,000 mwaka 2019 iliwapa watu kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia kwamba saa nne zilikuwa lazima. Machi 2020 Modi alizitumia tena saa nne zile zile kuifunga nchi yote kwa ajili ya Uviko, na vibarua wakarudi vijijini kwa miguu. Na bado, miezi minne baada ya foleni yangu, BJP ilipata viti 312 kati ya 403 katika jimbo la Uttar Pradesh, na mwaka 2019 viti 303 bungeni.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kwamba wapiga kura hao walidanganywa. Sisemi hivyo tena. Mzee wa Tanga hakuwa mjinga, na mwaka 2024 walio kama yeye walionyesha kwamba wanajua kuhesabu: miezi michache tu baada ya hekalu la Wahindu la Ayodhya kufunguliwa mahali uliposimama msikiti uliobomolewa mwaka 1992, BJP ilishindwa katika jimbo la uchaguzi la Faizabad, ambamo Ayodhya yenyewe imo, na ikashuka hadi viti 240, ikalazimika kutegemea washirika. Modi aliwapa hisia kwamba mateso yao yana mahali yanakokwenda, na watu waliozoea kuteseka bila sababu huithamini hisia hiyo kuliko tunavyofikiri sisi tunaotazama kutoka mbali.

Kwa hiyo, na hapa najua nitagombana na watu msikitini, niandikieni upande wa wajenzi. Alijenga chama, alijenga jina, na alijenga wapiga kura ambao hawakuwapo kabla yake. Hata hivyo kura yangu ihesabiwe nusu, kwa sababu Juhapura hawakuniagiza niwasemee, na kwa sababu aliyenilipia hundi alikuwa mzee mmoja tu wala si serikali yake. Baba, ambaye vali yake bado inafanya kazi, amesoma mpaka hapa, akasema atawaandikia jibu lake mwenyewe, neno moja.